Siku ya maji kwenye mashindano ya mbwa retriva: inavyokwenda, na tulivyoijaribu bwawani Mufindi (uzi mrefu)

MtuWaMafinga

Kamwene wakuu. Kwenye ule uzi wa kulea Labrador watu waliniuliza sana, hayo mashindano ya retriva unayoyataja kila siku ni mashindano ya nini hasa, ya mbio au ya urembo? Nikaahidi kufungua uzi wake, ndio huu hapa. Ni mrefu, mwenye haraka aende zake arudi jioni. Na ule utani wa Wahehe na mbwa naomba leo tuuache nje, humu kuna watu wanataka kujifunza.

Retriva ni mbwa aliyezalishwa kwa kazi moja tu, kumtafuta ndege aliyepigwa risasi akadondoka, kumbeba bila kumtafuna na kumkabidhi mwenye naye mkononi. Labrador chimbuko lake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland kule Kanada, mbwa waliokuwa wanasaidia kuvuta nyavu na kufukuzia samaki walioponyoka, meli za samaki zikawafikisha Uingereza, mabwana wakubwa wa huko wakaona hawa wanatufaa kwenye uwindaji wa bata, na mwaka 1903 wakatambuliwa rasmi kama aina yao. Golden ni wa Scotland, ukoo wake unaanzia kwenye watoto waliozaliwa 1868 shamba la Guisachan, baba mbwa wa rangi ya njano, mama spanieli wa maji. Kwa hiyo maji yako kwenye damu pande zote mbili. Ukimshika Labrador mzuri pekua manyoya yake, utaona ya juu magumu, chini yake kuna mengine laini yamejaa hadi kwenye ngozi, hayo ndiyo yanazuia baridi ya maji isimfikie haraka.

Sasa mashindano. Marekani ya kwanza ya retriva yalifanyika Desemba 1931 pale Chester, jimbo la New York. Siku hizi kwenye madaraja ya juu mbwa anapita raundi nne, mbili za nchi kavu na mbili za maji, na kila raundi ikiisha majaji wawili wanakaa pembeni wanaita namba za wanaoendelea, usiposikia namba yako unafungua gari unaondoka. Mara nyingi nchi kavu inatangulia, ndiyo maana siku ya maji wanaobaki ni wachache na wote ni wakali, na hapo ndipo nataka tukae.

Jaribio la kwanza ni la ndege wa kuonwa. Mbwa anakaa mstarini pembeni ya mwenye naye, hana kamba, hana hata kola shingoni. Ng'ambo ya bwawa kuna warushaji wamevaa makoti meupe waonekane, mmoja yuko kwenye matete kushoto, mwingine kwenye kilima kulia, mwingine mbali kabisa mwisho wa bwawa. Bunduki inalia, bata anarushwa juu anaangukia majini au nyuma ya ukingo. Inalia ya pili, ya tatu, wakati mwingine na ya nne. Mbwa muda wote huo amekaa, haruhusiwi hata kuchomoka, anatazama tu na kuweka kichwani kila mmoja kaangukia wapi. Jaji akitamka namba yake ndipo mwenye naye anamtuma, anamleta mmoja, anageuzwa, anamwendea wa pili ambaye kamwona dakika kadhaa zilizopita, kisha wa tatu. Umbali unaweza kufika mita 200 au 300, sehemu kubwa anaogelea.

Jaribio la pili ni la ndege wa kufichwa. Huyo mbwa hajamwona kabisa, anajua mwenye naye tu. Mbwa anaelekezwa kwa mkono, anatumwa, akianza kupotea filimbi inapigwa mara moja kwa nguvu, mbwa anageuka huko huko katikati ya maji anakanyagakanyaga pale pale akimtazama bosi wake, bosi ananyoosha mkono kulia, au kushoto, au anainua juu kumwambia zidi kwenda nyuma. Mpaka amfikie bata ambaye alikuwa hajui kama yupo.

Na hapa ndio kiini cha uzi wangu. Watu wakisikia jaribio la maji wanadhani kinachopimwa ni kuogelea. Hapana, kuogelea Labrador wote wanaogelea. Kinachopimwa ni kama mbwa ataendelea kunyooka majini wakati pembeni yake kuna ukingo mkavu wa kukimbilia. Majaji hawaweki mstari ukiwa mraba na maji, wanaulaza, ili mbwa akiingia aingie kwa mshazari na ufukwe uwe mita chache tu kutoka bega lake. Akili ya mbwa inamwambia huku pembeni nitafika haraka bila kulowa, na kweli atafika haraka. Ila akizunguka anapoteza ule mwelekeo alioupima kwa macho, anatokea sehemu nyingine kabisa, anaanza kufumua matete akitafuta kwa pua eneo zima. Kanuni zao zinasema wazi kwamba jambo la kwanza ni kujua ndege kaangukia wapi, na mbwa anayejitoa kwenye njia yake ili akwepe maji, tope au vichaka anapunguziwa.

Nitaendelea baadaye na habari ya bwawani kwetu, tulikutana watu wa Mafinga, Iringa mjini na Njombe tukafanya siku ya mazoezi kwa kufuata mpangilio huo.

Fundi_Mwanjelwa

Mkuu uzi mtamu ila mimi nauliza, mbona mnazunguka sana, mjomba wangu Rungwe alikuwa anamchukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili anamrusha mtoni akitoka anajua kuogelea maisha yake yote. Biashara imeisha. Hizo filimbi na mikono si mbwembwe tu

MtuWaMafinga

Fundi, shikamoo kwa mjomba, lakini hapo sikubaliani na ntakwambia kwa nini. Mtoto wa mbwa aliyerushwa kwenye maji ya baridi kwa nguvu atatoka ndiyo, atatoka kwa sababu anataka kuishi, ila kuna wengi wanabaki na woga ambao hauonekani siku zote, unaonekana siku ukimtuma bwawani asubuhi ya Juni na pembeni kuna ukingo. Anasita. Anainua mguu mmoja. Anaangalia kushoto. Huyo ndiye atakayezunguka. Mtoto wa mbwa unaingia naye wewe mwenyewe, siku ya joto, sehemu ambayo chini anagusa, unatembea, anakufuata, kesho unasogea kidogo. Ukiwa na mbwa mkubwa anayependa maji muache naye ndio atamfundisha haraka kuliko wewe.

Kuhusu filimbi, zile sio mbwembwe. Mbwa akiwa anaogelea macho yake yako kama kiganja kimoja juu ya maji, wimbi dogo tu linamzibia bata aliyeko mita 40 mbele. Wewe uliyesimama ukingoni unaona, yeye haoni. Bila filimbi unabaki unapiga kelele na kutupa mawe.

MkufunziMstaafu

Nimesoma nimefurahi. Mimi nimeishi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi Tukuyu, na kule nimewahi kwenda kutembea na wawindaji mashambani wikiendi, kusukuma ndege watoke vichakani. Niongezee kwamba mashindano ya Waingereza ni tofauti sana na hayo ya Marekani uliyoeleza. Kule hakuna anayerusha bata aliyekwishakufa. Ni uwindaji wenyewe wa siku hiyo, mbwa wanatembea mstarini na wenye bunduki, ndege akidondoka jaji anasema namba fulani tuma mbwa wako. Huwezi kujua kitakachotokea, unaweza kupewa ndege rahisi majani mafupi, mwenzako akapewa aliyeanguka ng'ambo ya mto.

Kilichonishangaza ni ukali wao kwenye ukimya. Mbwa akilia tu, hata kile cha chinichini cha hamu, anatolewa. Akichomoka kabla ya kutumwa, nje. Akionekana amemponda ndege mbavu, jaji anamshika ndege anapapasa mbavu kwa vidole pande zote mbili, zikiwa zimevunjika na ikaonekana ni meno, nje. Na mbwa akikataa kuingia majini hiyo nayo ni nje moja kwa moja, hakuna kupunguziwa pointi. Kwa hiyo hoja yako ya maji inasimama nchi zote mbili.

MtuWaMafinga

Asante sana mwalimu, hiyo ya mbavu nilitaka kuigusa nikasahau. Kwa wasiojua, ndiyo maana Labrador anasifiwa kwa mdomo laini, mzuri unampa yai la kuku analibeba bila kulivunja. Kwenye bwawa letu tulitumia madami tu (vifurushi vya kurusha badala ya ndege), nitaeleza.

DaktariMifugo_Soweto

Soweto ya Mbeya hapa, sio ya kwa Madiba. Mimi ni daktari wa mifugo, naomba kabla watu hawajapata moto wakakimbilia mabwawani niseme mambo ya afya kwa sababu nyanda za juu zetu baridi yake sio ya mchezo.

La kwanza ni mkia. Mwezi wa sita na wa saba Mufindi, Makete, Njombe, maji ya asubuhi ni ya baridi kali. Mbwa akiogelea sana humo, hasa asiyezoea, kesho yake unaamka unamkuta mkia umelegea, unaning'inia kutoka kwenye shina, au sentimita chache za juu zimesimama zilizobaki zimekufa. Akikaa analia. Wengi wananiletea wakisema daktari mkia umevunjika, nani kampiga. Haujavunjika, ni misuli ya shina la mkia imeumia. Joto, mapumziko, dawa ya maumivu ya mbwa (sio panadol yako ya nyumbani wala diklofenaki, hizo zinaua mbwa), siku chache hadi wiki moja au mbili unarudi. Kinga yake ni kumfanya azoee taratibu, na akitoka majini mkaushe kwa taulo usimwache ndani ya pikapu na upepo.

La pili hili wengi hawalijui kabisa. Mbwa anayerushiwa kitu majini tena na tena anakunywa maji bila kukusudia kila anapofungua mdomo kukidaka, na kitu kikiwa kinene mdomo unabaki wazi ndio anameza zaidi. Maji yakizidi mwilini chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba. Utaona anayumba, anatapika, anatoa mate, tumbo limejaa, macho yanamlegea. Hiyo ni dharura, mbwa anaweza kufa ndani ya masaa. Kwa hiyo mpumzishe, kitu cha kurusha kiwe chembamba, na mkitoka pale aende akakojoe.

La tatu Labrador wenyewe. Kuna ugonjwa wa kurithi ambapo kijana mwenye afya kabisa anakimbia kwa nguvu dakika tano hadi ishirini, miguu ya nyuma inaanza kulegea, anaanguka. Jeni yake iligunduliwa 2008 na kipimo cha DNA kipo. Nchi kavu wengi wanaamka baada ya kupumzika. Majini ni kifo. Ukimwona mbwa wako nchi kavu anavuta miguu ya nyuma baada ya mazoezi makali, usimwingize bwawani hata siku moja.

Na la nne, chanjo. Homa ya mgunda tuliisikia 2022 kule Lindi, vijidudu vyake vinakaa kwenye maji na tope lililochanganyika na mkojo wa panya na wanyama wengine, na mbwa anaugua na anaweza kumwambukiza mwenye naye. Chanjo ya mbwa ipo, ulizia. Kichaa cha mbwa sihitaji kusema.

mpunga_mbarali

daktari ubarikiwe. sasa sisi wa Mbarali huku maji tunayo mifereji ya mpunga kila kona na ndege wapo wengi tu, naweza kumfundishia Labrador wangu huku? ana mwaka mmoja anapenda maji kufa

DaktariMifugo_Soweto

Mifereji midogo ya shambani wakati haijapuliziwa dawa, sawa, ila wewe usiingie peku, kichocho kiko. Mtoni usithubutu. Ruaha Mkuu na mabwawa ya Usangu yana mamba, na mbwa anayeogelea akitapatapa ndio kitoweo chenyewe. Mtera hivyohivyo na viboko juu yake. Matema kule Ziwa Nyasa watu wanaogelea lakini midomo ya mito epuka.

MtuWaMafinga

Naunga mkono, na niongeze la sheria. Ndege wa porini kwenye hayo mashamba usiwapige wala kuwatega kwa ajili ya mazoezi, kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na kufundisha mbwa sio sababu. Huhitaji. Dami la turubai lenye kamba linatosha, likiisha nunua bata wa kufugwa sokoni, mchinje mle, mabawa yafunge kwenye dami mbwa azoee harufu na manyoya mdomoni.

Haya sasa bwawani. Tulipata ruhusa ya kutumia bwawa moja la shamba la chai, upande mmoja chai, upande wa pili misonobari, na mahali fulani katikati kuna ulimi wa ardhi umeingia majini, matete mwisho. Hakuna mamba kule juu, baridi haiwaruhusu. Tulifika mapema tukakaa kwenye magari tukinywa chai kwa sababu ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kiasi kwamba mrushaji akiwa ng'ambo humwoni na koti lake jeupe. Hiki kitu watu wanakidharau. Dami jeupe likirushwa mbele ya ukungu mbwa haoni kitu, anasikia mlio tu. Likirushwa mbele ya misonobari, weusi ule wa nyuma unalifanya liwake. Kwa hiyo tukasubiri jua, tukahamisha warushaji wote upande wa miti.

Na rangi, mbwa haoni rangi ya chungwa vizuri kwenye majani ya kijani, kwake zinafanana. Wewe unaiona. Basi dami la kuonwa liwe jeupe, la kufichwa liwe la chungwa, mbwa asilivizie kwa macho bali akusikilize wewe. Bunduki hatukutumia, mrushaji anapiga mbao mbili pamoja, zinalia vizuri tu juu ya maji.

Tulianza na mawili ya kuonwa. Mbwa mweusi wa Njombe, dume, kifua kipana, yule alikuwa anatetemeka mstarini lakini hakunyanyua tako. Akatumwa la matete akaenda kama kapimiwa kwa rula, akageuzwa akachukua la pili. Raha kutazama. Mwenye naye ni mzee mpole ambaye hasemi kitu zaidi ya neno moja, "lete", kwa sauti ya kawaida.

Halafu tukaweka la kufichwa ng'ambo ya ule ulimi wa ardhi. Mstari unapita juu ya ncha yake. Maana yake mbwa aingie majini, aogelee, apande pale kwenye ncha, atembee hatua chache nchi kavu, kisha ashuke TENA majini upande wa pili. Hapo ndipo penyewe. Mbwa aliyekwishapata ardhi chini ya miguu hataki kurudi kwenye baridi. Dume wa Njombe alipanda akajikung'uta, akageuka kulia kufuata ufukwe. Filimbi. Akakaa. Mzee akainua mkono juu, "nyuma". Mbwa akaangalia maji, akaangalia ufukwe, akaangalia mkono. Sekunde zilikuwa nyingi kweli. Akageuka akaruka majini, sisi wote tukapiga kelele tukasahau kwamba kwenye mashindano watazamaji wananyamaza.

Dada wa Kihesa naomba uje uelezee mwenyewe la mbwa wako Asali.

DadaWaKihesa

Nipo kaka. Asali ni jike wa njano, ana miaka miwili, nimemlea Iringa mjini kwenye uwanja wa nyumbani, maji alikuwa anaogelea Ruaha Mdogo kwa kujifurahisha tu kuokota fimbo. Nilipofika bwawani nikadhani tutawafundisha wengine.

Dami lilirushwa kwa mshazari kama kaka alivyoeleza. Nikamtuma. Akaenda mbio mpaka kwenye maji, miguu ya mbele ikazama kwenye tope, akasimama. Sikio la kushoto likageuka. Nikajua. Akakata kushoto akakimbia ukingo wote akiwa na furaha zake, akatokea nyuma kabisa ya dami akaanza kuzunguka kwenye matete anatafuta, dami liko mita kumi majini anapishana nalo. Akalipata mwishoni maana ni mbishi, ila alichelewa sana, na alikuwa amefumua matete yote, dami lingine lililokuwa limefichwa upande ule akalikanyaga.

Kilichonisaidia ni kwamba hakuna mtu aliyemgombeza. Kuna kaka mmoja alisema mchape, mzee wa Njombe akakataa kabisa, akasema mbwa ukimchapa akiwa ukingoni yeye hajui kachapwa kwa kuzunguka, anajua kachapwa karibu na maji, kesho hata kuingia haingii. Tukamwita akarudi, nikasogea naye mpaka maji yanagusa buti zangu, nikamtuma tena kutoka pale pale, mraba. Akaingia. Tukarudi nyuma hatua chache, akaingia. Tukalaza kidogo, akaingia huku anaangalia pembeni lakini akaingia. Tukaishia hapo akiwa bado ana hamu. Nyumbani tangu hapo nafanya kwenye mfereji mwembamba tu, kuvuka upande wa pili na kurudi.

Fundi_Mwanjelwa

Dah hii ya kuchapwa karibu na maji imenikaa kichwani. Mbwa wa jirani yangu ndio yuleyule, anakunywa maji ya ndoo tu akiona bwawa anarudi nyuma. Sasa mkuu nifuate hatua zipi kwa mbwa wa mwaka mmoja, na je wa kienyeji anaweza maana mimi sina hela ya Labrador

MtuWaMafinga

Fundi nimefurahi umerudi. Mashindano yenyewe ya huko ni ya aina za retriva zilizosajiliwa, ila mafunzo hayana ubaguzi. Wa kienyeji anayependa kubeba vitu mdomoni na asiyeogopa maji anafundishika, manyoya yake tu ni mafupi hana lile tabaka la ndani, kwa hiyo baridi itamuwahi, mpe muda mfupi na msubiri Oktoba au Novemba maji yapate joto kidogo kabla ya masika.

Kila kitu unaanza nchi kavu, na hapa wengi wanapata shida kwa sababu hakuna raha ya kutazama. Kaa. Filimbi ya kukaa, akiwa karibu, kisha akiwa mbali, kisha akiwa anakimbia kukuacha, mpaka filimbi ikilia matako yanashuka bila kufikiri. Halafu nenda uwanja wa mpira wa kijiji asubuhi, mkalishe kwenye duara la katikati umtazame, weka dami kushoto, jingine kulia, jingine nyuma yake kabisa. Nyoosha mkono wa kulia, aende hilo tu. Akienda lisilo lake msimamishe, mrudishe, usimkaripie, sogea karibu naye urudie. Hiyo ya nyuma ndio ngumu kuliko zote kwa sababu anakutazama wewe na unamwambia akupe kisogo aondoke. Ukiona uwanjani anaichukua hata kama kuna watoto wanacheza, ndio umpeleke majini, na majini anza na mfereji wa kuvuka hatua kumi. Kosa linalokuja likiwa majini linarekebishwa nchi kavu, kwa sababu majini huwezi kumfikia.

Hata wale mabingwa walipita humo. King Buck, Labrador mweusi aliyechukua ubingwa wa taifa Marekani 1952 na 1953 mfululizo, alipokuwa mtoto aliugua ugonjwa wa mbwa wa distempa nusura afe. Mwaka 1959 picha yake akiwa na bata mdomoni ikawekwa kwenye stempu ya serikali yao ambayo mwindaji wa bata wa miaka 16 na kuendelea lazima ainunue, na fedha zake zinanunulia ardhi za mabwawa ya ndege. Stempu ile ilikuwa inawakumbusha wawindaji kwamba retriva anaokoa ndege wasipotee, maana bata aliyejeruhiwa akaingia kwenye matete bila mbwa humpati, anafia humo bure. Mimi hiyo sababu ndio inanifanya niithamini kazi hii hata kama siwindi.

MkufunziMstaafu

Hapo umesema jambo. Kule nilikokuwa mwindaji asiyekuwa na mbwa wa kuokota walimwona mtu asiye na heshima kwa ndege.

mpunga_mbarali

mkuu mazoezi mengine lini na mbwa wangu nimlete? na filimbi inapatikana wapi mi nina ile ya refa tu

MtuWaMafinga

Ya refa inafaa kuanzia, ila yenye kipira ndani ikilowa au ikiingia uchafu inagoma, tafuta isiyo na kipira. Upepo wa bwawani unakula sauti na mbwa akiogelea maji yanapiga masikioni, kwa hiyo piga kali na ndefu, na mpigie kabla hajapotea sana. Upepo ukitoka kulia atasukumwa kushoto polepole bila yeye kujua, ukisubiri mpaka ameshafika mbali utampigia filimbi mfululizo mpaka achoke.

Tarehe nitaweka hapahapa tukishaongea na wenye bwawa, itakuwa baada ya baridi hii kupungua. Masharti ni machache, kadi ya chanjo mkononi, jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, kamba ndefu, taulo mbili za mbwa, na buti zako mwenyewe. Wa Mbarali ukija panda na koti zito, Mafinga sio Rujewa. Daktari kama ratiba inaruhusu tunaomba uwepo.

DaktariMifugo_Soweto

Nitakuja. Nitakuja na kipimajoto na dripu, na mbwa wote nitawapapasa kabla hawajaingia majini, asiyetaka mbwa wake apapaswe asije.